Siku Kompyuta ya Machame Ilipogoma Kunifungulia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua huko Songea zimeanza? Mimi huku Moshi ni mzima, nimenenepa kidogo kwa ndizi, na leo nina furaha hata kalamu inanikimbia.

Unajua kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za zahanati za mlimani nikiwa hapa ofisini mjini. Jumanne madaktari wa macho walifika Machame kupasua wazee wenye mtoto wa jicho. Vipimo vyote vya wazee vimo kwenye kompyuta kuu ya kule. Programu yake ni ya zamani, kwa hiyo naifungua kupitia kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya hii yangu. Asubuhi hiyo nikajaribu kuingia. Kimya, kisha ujumbe kwamba muunganisho umeshindikana.

Nesi Ndeshi wa zahanati akapiga simu. "Fausta, wazee wamejaa kwenye benchi tangu alfajiri. Daktari anasema bila vipimo hapasui mtu, na saa nane madaktari wanaondoka!"

Nikahakiki neno la siri, sawa. Nikazima na kuwasha, wapi! Nesi akasema kule taa zote zinawaka. Nikajaribu kwa kompyuta yangu yenyewe, nje ya ile pepe, Machame ikaitika mara moja. Kumbe tatizo liko kwangu! Nikakagua namba za mtandao wa ile pepe, nikacheka peke yangu: zilikuwa zimejibadilisha zenyewe, zikafanana na za zahanati. Kila nilipoiita Machame, ilikuwa inaitafuta humo humo ndani mwake. Nikazibadilisha, vipimo vikafunguka. Nesi alipiga kigelegele nusura anipasue sikio.

Wote walipasuliwa, mama. Kesho yake walipofunguliwa bandeji, Nesi akampa simu Mzee Aikaeli, mkulima wa kahawa ambaye alikuwa hajaona vizuri kwa miaka. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kilele cha Kibo nakiona, cheupe kabisa. Na mke wangu amezeeka, lakini usimwambie."

Nyuma yake nikasikia sauti ya bibi: "Nimesikia!"

Nilicheka mpaka machozi. Jumapili wamenialika nyumbani kwao kula mtori, ule mchuzi wao wa ndizi na nyama. Mzee anasema anataka kuniona uso.

Wasalimie sana baba mdogo fundi cherehani na shangazi wa kwaya. Dada Rehema mbusu kwenye lile tumbo lake, mtoto ajue ana mama mdogo huku Moshi.

Binti yako akupendaye,
Fausta