Tumbo la Gari la Baba Yako

Kibanda cha viatu,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu kutoka kwenye kiti changu kilekile chenye mguu mmoja mfupi. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa chai na ubishi kama marehemu baba yako? Sisi huku tunapumua. Mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si kijana tena, kana kwamba kioo hakitoshi.

Mama yako hajambo, ila amekonda. Ni miezi saba tangu tumzike kaka, na bado anaandaa vikombe viwili. Kile cha pili anakimwaga, nasi tunajifanya hatukuona.

Sasa habari ya lile gari la rimoti, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Uliniomba kwenye simu niliendeshe kila Jumapili ili betri isife, na nilinde tumbo lake lisikwaruzwe na ardhi. Hukusema kwa nini, nami mjuaji sikuuliza. Nikalipeleka uwanja wa nyuma, palepale alipokuwa akilichezesha Mzee Rimoti, kama mtaa mzima ulivyomwita baba yako. Uendeshaji wangu unaujua: mafundi wa gereji waliacha kazi wakaja kunicheka. Lakini na gari nalo limechoka. Springi zimelegea, limelala chini kama bata, na kila likipita juu ya kokoto unausikia mkwaruzo hadi kwenye meno.

Nikaona hii ni kazi ya fundi viatu. Kiatu kikisagika, si unakitia soli? Springi nikaziinua kwa vipande vya raba. Kisha nikaligeuza gari, nikatandika karatasi juu ya tumbo, nikasugua penseli pembeni kote nipate kiolezo, nikakata raba ngumu ya soli. Gundi haishiki vizuri palipo laini, kwa hiyo kabla ya kubandika nikapiga msasa. Nilipiga vizuri sana, mwanangu. Miaka thelathini ya kazi, sijawahi kupiga msasa vizuri vile. Niliona mikwaruzo mingi nikasema moyoni, maskini, limeteseka hili. Miwani yangu ilikuwa kwenye paji la uso, mahali pake pa kila siku.

Jumatano mama yako akapita kuliona. Nikamkabidhi kwa mbwembwe zote. Akaligeuza, akaliangalia kwa muda.

"Shemeji, maandishi yameenda wapi?"

"Maandishi gani tena?"

"Ya mume wangu. Yalikuwa hapa tumboni."

Nikacheka, maana mimi na yeye hatujawahi kuongea dakika tano bila utani. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya rundo la viatu vya wateja, gari mapajani.

Ndipo akanieleza unayoyajua wewe. Kwamba tangu una miaka tisa, kila mwaka shule zikifungwa, mlitoka na gari, na mkirudi baba yako aliandika mstari mmoja tumboni kwa ncha ya sindano. Kwamba mzunguko wa mwisho ulikuwa wako siku zote, hata ukiwa umenuna lazima akupe rimoti. Na kwamba jioni ile uliyosafiri alitoka na gari peke yake, akarudi, akaandika mstari mmoja zaidi, akasema utausoma ukija. Mama yako hakuusoma. Wewe hukuusoma, maana hujarudi tangu jioni ile. Mimi niliyekuwa nao mkononi ndiye niliyeufuta.

Nilibandua soli siku ileile. Chini yake plastiki ni nyeupe, safi kama sahani. Mama yako amekataa kunikasirikia, na heri angenikasirikia.

Siku mbili sikufungua kibanda. Jana nikitafuta karatasi ya kukuandikia, nikakikuta kile kiolezo kimetundikwa kwenye msumari. Penseli ilipita pembeni tu, kama tufanyavyo mafundi viatu, lakini pale ilipopita imeutoa mwandiko wa baba yako. Mianzo ya mistari ipo, na miisho ipo. Katikati ni karatasi tupu. Nimekiweka humu ndani ya bahasha; kifungue taratibu, penseli inafutika. Mistari ya juu utaijaza mwenyewe, ulikuwepo. Ule wa mwisho kabisa, kushoto umeandikwa "Leo nim", na kulia "kumpa rimoti".

Nimeutazama kutwa nzima, miwani ikiwa machoni safari hii. Sitakuambia mimi nauzibaje. Mwandiko wake nimeshaugusa vya kutosha.

Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa leo, jaribu tena kesho.

Mama yako anakubusu shavuni, na shangazi yako mshonaji anauliza kama koti alilokushonea bado linakutosha. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa mzima.

Gari nimelifunga kwenye boksi la buti. Limeinuka, halikwaruzi tena. Leo nililizungusha uwanjani, lakini nikaliacha kabla halijamaliza. Mzunguko wa mwisho ni wako.

Wako akupendaye, mwenye mikono mizuri na macho mabovu,

Baba yako mdogo.