Muhuri Uliokatwa Pembe

Dada Hsiu-chin,

Figili zako za kukausha zimefika salama. Nazila na uji hapahapa mezani kwangu, ofisini.

Unanilaumu kwamba siji kumwona Mama. Dada, idara yetu ya sheria ilikuwa na mawakili tisa, sasa nimebaki peke yangu. Nafasi zinatangazwa, mtu anaajiriwa, wiki mbili tu kaaga. Na huku serikalini hupewi likizo mpaka mwenzako apige muhuri wake wa jina kwamba atakushikia kazi. Apige nani? Mihuri ya walioondoka nimeifungia kwenye droo, na kila mmoja nimeukata pembe kama utaratibu unavyotaka, usitumike tena.

Jumatatu nilipeleka fomu bila muhuri. Bosi akacheka. "We Pei-lan, nani atakushikia? Au Mzee Kuo?"

Mzee Kuo, mmoja wa wale tisa, alifia mezani pake mwezi wa tatu. Muhuri wake niliukata baada ya mazishi.

Leo asubuhi nimeikuta fomu mezani, imekubaliwa. Imepigwa muhuri mwekundu wa Mzee Kuo. Wino haujakauka, na pembe moja haipo. Bosi anaapa aliuona umeshapigwa. Ufunguo wa droo ninao shingoni.

Jumamosi nakuja, mwambie Mama. Ila hili usimwambie: mwezi wa pili Mzee Kuo aliniletea fomu kama hii. Alitaka siku tatu tu, akapimwe moyo. Nikamwambia nimezidiwa na kazi, nikamrudishia bila muhuri.

Mdogo wako,
Pei-lan