Alama Niliyompa Major

Bulengera, Butembo, tarehe 14 Agosti 2001

Mupendwa yaya Séphora, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi toka kwetu. Umeamkaje huko Kampala, na mgongo wako umetulia? Sisi tunapumua. Mke wangu Jokébed alipona malaria, batoto wote watatu ni wazima.

Juma hili Ézéchias, mwalimu wa sheria ninayefundisha naye, atabisha hodi kwako. Jokébed ndiye aliyempelekea anuani yako. Mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Unajua tangu hawa basoda wenye bunduki washike mji, kila mukubwa wao anataka diploma ya chuo chetu. Sisi walimu watano tulipatana: kila mutu atatoa alama za kweli, hata kwa basoda. Tukiwaangusha sisi wote watano, hawatajua wamwadhibu nani.

Donc major mmoja wao alipata tano juu ya ishirini katika somo langu la takwimu. Akaja nyumbani mchana, akanywa chai, akauliza majina ya batoto, mmoja mmoja. Alipoondoka nilifungua bahasha ya alama nikaandika kumi na mbili.

Siku ya délibération, kikao cha kupitisha alama, karani akasoma: nne, sita, tano, saba. Kisha yangu. Hakuna aliyeniangalia. Ézéchias tu akasema, "Mwalimu wa hesabu, basi tupigie wastani."

Nikapiga. Sita nukta nane. Major ameanguka vilevile.

Karatasi yenye alama ya kila mwalimu ikabandikwa mlangoni pa chuo, na major akaona vizuri rafiki ni nani na adui ni nani. Ile nne ilikuwa ya Ézéchias. Siku ya tatu basoda wa major walivunja mlango wake. Bahati yake alikuwa misani.

Nina uchungu pia, yaya. Hakuna aliyetupa hata mlinzi mmoja. Nilisoma kwa kubeba maharagwe mgongoni toka Kasugho, mimi hakuna aliyenibeba. Lakini hao wenzangu wanne nao wana batoto. Kumi na saba. Nimewahesabu.

Jana nilikwenda pale mlangoni, nikafuta kumi na mbili, nikaandika tano, nikatia sahihi mbele ya wanafunzi. Jokébed na batoto nimewatuma Kasugho. Major hajaja bado.

Nisalimie shemeji Ananie, mama Kasika na Léon. Nyamuhanga, Mungu wetu, awafunike nyote.

Ézéchias umpe chumba kizuri. Usiniombee msamaha kwake. Akinisema vibaya mezani, mbele ya shemeji, usinitetee. Mwongeze chakula, umwache amalize.

Mdogo wako, akupendaye kwa haya nyingi,
Lusenge