Yah: Kusafishwa kwa Jina la Babu Kuhusu Ukuta Ulioanguka

Alhamisi. Mawingu, na upepo wa ziwani unaotikisa mabati.

Kwako Shajara, na kwenu wasomaji mnaopita hapa, salamu nyingi. Dhumuni la maandishi haya ni kuwasilisha ushindi wangu, pamoja na dosari moja iliyojitokeza ndani ya ushindi huo.

Itakumbukwa kwamba mimi ni fundi mwashi wa hapa Bukima, na kwamba boma la mawe lililoko mlimani lilijengwa na babu zangu. Boma hilo lilianguka zamani mno. Tangu hapo ukoo wetu haujapumzika, kwa maana watani wetu hulitaja katika kila msiba. Mwezi uliopita kamati ya kanisa ilijadili nani ajenge uzio wa mawe, na mwenyekiti wake, Bwire, ambaye ni mtani wangu, alisimama akasema: "Huyu tukimpa, waumini waje na kofia ngumu."

Kicheko kilidumu. Shauri likaahirishwa hadi Jumapili hii.

Leo mtaalamu wa mambo ya kale, dada mmoja aliyefika kupitia Musoma, alikuwa akichimba humo bomani. Nilipanda na mke wangu Nyangeta, nikamwalika Bwire awe shahidi. Nilivaa koti.

Dada alituonyesha. Mawe ya ukuta mrefu yamelala yote upande mmoja, kama watu waliosukumwa kwa pamoja. Ufa mmoja umepasua mawe ya msingi na kuendelea hadi sakafuni. Chini ya mawe, vyungu vimepondwa vikiwa bado mekoni.

"Ukuta uliochoka huanguka kipande kipande," alisema. "Huu ulilazwa mara moja. Dalili zote ni za tetemeko la ardhi."

Nilimgeukia Bwire. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

"Sasa mtani," akaniwahi, "hilo tetemeko lilikuwaga na anwani yenu? Mbona kwa babu zangu halikufika?"

"Babu zako walikaa kwenye vibanda vya nyasi," nikajibu. "Nyasi haina pa kuangukia."

Alicheka hadi akajishikiza kwenye jiwe, akakiri kwamba nimeshinda, akashuka kuwahi ng'ombe wake.

Laiti nami ningeshuka.

Dada akasogea kwenye ukuta mfupi wa nyuma. Huu, alieleza, ulijengwa upya baada ya tetemeko, nao ulianguka wenyewe. Mawe ya kwenye pembe hayakupishanishwa ili kuta zishikane. Kuta mbili zilisimama zikigusana tu, kama watu wasiojuana kwenye foleni.

Niliitazama pembe ile kwa muda mrefu. Ndivyo alivyojenga baba. Ndivyo alivyonifundisha.

Ndivyo nilivyojenga jiko letu.

Nyangeta alicheka njia nzima, na tulipofika nyumbani akaanza kuhamisha masufuria kutoka jikoni. Nilipoiandikia kamati barua ya kuomba kazi ya uzio, nikaishia kwenye tetemeko, alichungulia begani mwangu.

"Na ile pembe, mheshimiwa? Watoto wataegemea huo uzio."

Nimeandika upya. Barua sasa ina aya ya tetemeko na aya ya pembe. Nimeahidi kupishanisha mawe, na nimependekeza Bwire mwenyewe akague kila kona, kwa kuwa hakuna jicho kali kama la mtani.

Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, naomba kamati iamue Jumapili baada ya ibada: nijenge, au nisijenge.