Nishani ya Ijumaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba hamjambo, na kwamba goti lake limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umeungua, kwa hiyo usishangae mwandiko huu. Ni kama kuku kaparura.

Najua habari za shule zimeshakufikia. Jumanne asubuhi sisi wa mwaka wa nne tulikuwa kwenye mtihani wa uchawi wa maji, Wavaa Vinyago wakavunja lango. Ni wachawi wale wale waliomuua mlinzi wetu mwaka juzi. Safari hii waliufuata Moto Mkuu unaotunzwa chini ya shule, unaozipa fimbo zetu zote nguvu.

Mwalimu wetu alisimama mlangoni akatuambia tutokee dirishani. Walimkata kwa neno moja tu, mama, kuanzia begani hadi kiunoni. Damu yake ilirukia karatasi yangu. Rafiki yangu tunayemwita Domo, kwa kupenda kwake ubishi, hakukimbia. Alirusha dawati zima kwa fimbo, likamvunja mmoja wao shingo, kisha naye akapigwa mwali wa moto usoni. Amepofuka. Jana aliniuliza kama bado ni mzuri. Nikamwambia hajawahi kuwa. Alicheka mpaka nesi akatufokea.

Mimi nilishuka peke yangu hadi chumba cha Moto. Nikamkuta Pacha. Ndiyo, Pacha yule yule, kama tulivyozoea kumwita, niliyelala naye chumba kimoja miaka miwili kabla hajatoroka kujiunga na Wavaa Vinyago. Aliyekuja kwetu likizo akakusaidia kupaka rangi jikoni. Alinichoma mkono, nikamvunja mguu. Fimbo zikatuponyoka, tukagaagaa sakafuni tukivutana nywele kama watoto. Mimi ndiye niliyewahi kuokota yangu.

Walimu wanasema nimeiokoa shule. Ijumaa Mkuu wa shule anataka kunivisha nishani, na ninyi mtaalikwa. Mama, naomba msije.

Pacha alikuwa ameinua mikono. Alisema, "Basi, umenishinda. Nipeleke kwa Mkuu." Nilimsikia vizuri. Nikatamka neno la kuua, na alipokuwa bado anahema nikalirudia. Sikuogopa, wala sikupitiwa. Nilikuwa na hasira, na kwa dakika ile nilifurahi.

Nimemweleza Domo peke yake. Kanisihi nifunge mdomo, eti aliyekufa ni adui. Lakini nikishatia barua hii kwenye bahasha naenda ofisini kwa Mkuu kusema yote, hata kama atavunja fimbo yangu na kuniitia polisi. Sikutaka uyasikie kwa watu.

Msalimie sana baba. Mwambie mdogo wangu vitabu vyangu sasa ni vyake, asivikunje kurasa. Na ukikutana na mama yake Pacha, usimwambie mwanawe alikufa akipigana.

Ukiweza kunijibu, nijibu. Usipoweza, nitaelewa.

Ni mimi,
kifungua mimba wako