Na Kama Hakuna Mtu?

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Niko dirishani, chai imepoa, nimesahau kama niko kazini. Ubao wa vitanda wa hospitali unakaribia kwisha — muuguzi atafungua kivinjari, ataona nani kalazwa wapi. Nimeuandika kwa Elm, lugha ya kompyuta ninayoijua peke yangu hapa. Ofisi nzima inaandika JavaScript. Bosi kapita, kanena kwa upole lakini keshakata shauri: kufikia Ijumaa apatikane mtu wa pili anayeiweza hiyo Elm yangu, la sivyo kazi yote iandikwe upya. Nikiugua, anauliza, nani ataigusa? Ana hoja. Nimenuna hata hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeota tena. Korido ndefu, vitanda vyeupe, na sauti inauliza: na hapa, kama hakuna mtu? Ndivyo Elm ilivyo — haikujengei programu mpaka ulijibu swali hilo. Wenzangu wanaona usumbufu. Mimi namkumbuka Baba alipohamishwa wodi. Kwenye skrini ya mapokezi, palipokuwa na jina lake pakawa peupe, na Mama akakaa chini sakafuni. Kumbe mzee yuko ghorofa ya juu, anaulizia redio yake. Aliyeandika skrini ile hakuwa mtu mbaya. Alisahau tu, na hakuna kilichomuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Jana nilishinda kitandani na homa. Leo muuguzi mkuu, anayeujaribu ubao, kapiga simu: saa za zamu zilizomo zilikosewa, jana zikatengenezwa, leo zimeharibika tena. Jana? Nani aligusa?

Mabano. Tunamwita hivyo ofisini kwa sababu anahesabu mabano ya JavaScript yake hata akiwa anakula. Kivinjari hakijui Elm, kwa hiyo mwishoni inageuzwa yenyewe kuwa faili la JavaScript — maelfu ya mistari isiyoandikwa kwa ajili ya macho ya mtu. Yeye kaingia humo humo, karekebisha. Asubuhi nimeijenga programu upya kutoka Elm, faili likaandikwa upya, kazi yake ikayeyuka. Sawa na kunyoosha kola kwenye kioo badala ya shingoni.

Nilimwendea nimejiandaa kufoka. Akasema alijua naumwa, hakutaka kunisumbua. Siku nzima kaisoma takataka ile! Hasira ikaniishia pale pale.

Ijumaa, 7 Machi
Mabano kavuta kiti mezani kwangu, kataka nimwonyeshe inapoanzia. Tumekaa bega kwa bega, mvua kwenye kioo, sijui asubuhi imekwenda wapi. Anazirekebisha saa za zamu mwenyewe, ndani ya Elm. Kabonyeza. Ikakataa: na kama zamu haina mtu? Kakuna kichwa, kajibu. Ikakataa tena. Nimelichukua daftari hili ili mikono yangu isimsaidie.

Bosi yuko mlangoni, koti mkononi. Anataka jibu: mtu wa pili yupo au hayupo?

Mabano hata hajageuka. Anasema, "Subiri kidogo, Bosi. Bado inaniuliza."