Kila Bwana Anapotoa Zawadi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza usumbufu wake. Huku tu wazima, ila mimi situlii. Tangu asubuhi naianza barua hii, naiacha, nasimama dirishani, narudi.

Nianze na kazi. Bado nafundisha fasihi ya kale ya Uingereza, na bado wanafunzi wangu wanasimulia badala ya kuchambua. Mpe mmoja utenzi wa mashujaa, atakujazia kurasa kwa habari za nani alimpiga nani, kama anayepiga soga barazani. Ndiyo maana pembeni mwa kila aya naandika swali moja tu: “Kwa hiyo?” Nataka waseme wanachokiona, waonyeshe mistari inayokithibitisha, kisha waeleze kina maana gani. Wamenibatiza Bwana Kwa-Hiyo, na kinara wa utani huo ni mwanao. Hata hapa nyumbani, nikimwambia chai inapoa, ananijibu: “Kwa hiyo, mjomba?”

Mwezi huu tulisoma utenzi usiojulikana mtunzi wake, kuhusu bwana anayewagawia askari wake pete na panga ukumbini. Darasa zima liliandika kwamba bwana yule ni mkarimu. Hata mimi nimefundisha hivyo miaka yote. Mwanao peke yake alikataa. Aliandika kwamba kila bwana anapotoa zawadi, muda mfupi kabla yake kuna mtu ameuliza habari za ndugu aliyepotea vitani, na baada ya zawadi hakuna anayeuliza tena. Akaonyesha mistari. Niliikagua nikitafuta pa kumkosoa, nikakosa. Nilipolisomea darasa insha yake, wenzake waliguna kwamba kweli undugu ni kufaana, wakidhani nampendelea mpwa wangu.

Jana tulipomaliza kula alibaki mezani. Akaniambia ana insha nyingine, ila hii hajaiandika. Alipouliza baba yake alizikwa wapi, wewe ulimnunulia viatu. Alipoomba kuona picha yake, mimi nilimletea saa. Alipouliza kwa nini hana shangazi hata mmoja, ikaja baiskeli. Kisha akaniuliza: kwa hiyo?

Dada, nilijaribu kucheka. Nikaondoa vyombo, nikavirudisha mezani vikiwa bado vichafu. Alikuwa bado ananingoja. Nikamwambia baba yake yu hai, aliondoka kwa miguu yake, na sisi ndio tuliomzika kwa maneno.

Hakulia. Aliniuliza ushahidi wangu ni upi. Nikamjibu kwamba ni mama yake.

Anakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, na amenikataza kumsindikiza. Atakuuliza kwa nini yule mtu aliondoka. Mimi sikumjibu, kwa sababu sijui. Nilikuuliza mara moja, wiki ile ile alipoondoka, na kabla sijapata jibu ulikuwa umenilipia ada ya chuo. Nilishukuru, nikaenda kusoma. Jana ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kuuliza tena.

Ukishamjibu yeye, niandikie na mimi.

Msalimie jirani yako fundi cherehani, na wote wanaotuulizia. Goti usilitese kwa ngazi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu